Nacho za Motoni: Sinia Moja la Walio Nacho na Wasio Nacho



Ndugu wasomaji, na khasa mama zetu na dada zetu mnaoshika usukani wa nyumba, wiki hii tumeona tuyaweke kando masuala tuliyoyazoea ukurasani hapa, tuingie jikoni. Au tuseme kweli: tutoke jikoni, twende uwanjani penye moto wa kuni. Huenda msomaji akauliza, sheikh na karai wapi na wapi? Jawabu letu ni fupi. Aila isiyokula pamoja haikawii kuacha kusemezana, na aila isiyosemezana hukutana makaburini tu. Hilo hatukulipata vitabuni peke yake. Tumelionja.

Tutaeleza mapishi ya nacho, chakula cha kutafuna na kushirikiana kilichotoka nchi ya mbali, na namna ya kukipika juu ya moto wa nje bila ya tanuri wala stima. Tutaeleza pia yaliyotupata sisi wenyewe tulipokijaribu, kwani katika kosa letu ndimo tulimojifunza mapishi, na mengine yasiyokuwa mapishi.

KILICHOTUPELEKA SHAMBA

Mama yetu, Mola amrehemu, alifariki akatuacha ndugu wanne: wanaume watatu na mwanamke mmoja. Aliacha pia nyumba ya zamani ya mjini, yenye baraza ya mawe na kisima kilichokauka. Fungu la kila mmoja wetu sheria imekwisha kulipanga, wala halikuwa na utata. Utata ulikuwa ni iuzwe au isiuzwe. Sisi tulitaka ibaki. Ndugu yetu anayetufuata alitaka iuzwe, kwa kuwa ana watoto wa kusomesha, na fungu lililo ukutani halilipi karo. Maneno yakazidi. Siku moja tukatamka neno ambalo mtu wa umri wetu na kilemba chetu hakupaswa kulitamka, naye akaondoka bila ya kuaga.

Tangu siku hiyo ukapita mwaka mmoja na miezi minne. Tulikuwa tukionana msikitini, tukipeana mikono kwa ajili ya macho ya watu, kisha kila mtu na viatu vyake. Na katika muda huo huo tulikuwa tukikaa darsani, tukiwasomesha watu kuwa haimfalii Muislamu kumhama nduguye zaidi ya siku tatu. Msomaji atuhukumu atakavyo. Sisi tumekwisha kujihukumu.

Likizo ya Agosti ilipofika, dada yetu, ambaye ndiye kamba iliyobaki kutufunga sote, alitangaza kuwa watoto wote watakwenda shamba kwa siku mbili, na mwenye watoto atakwenda na watoto wake. Hakumwambia yeyote kati yetu kuwa mwenziwe naye atakuwepo. Shamba lenyewe ni la marehemu baba, upande wa Kilifi: minazi michache, miembe miwili mikubwa, kibanda cha makuti, na hakuna stima.

Binti yetu wa mwisho, mwenye miaka 16, akasema, "Baba, usiku wa kwanza niacheni mie nipike. Nitapika nacho."

Tukamuuliza, "Unacho nini?"

Akacheka. "Nacho, Baba. Ndilo jina lake."

Hapo tukasema maneno ya kumvunja moyo mtoto: kwamba hivyo ni vyakula vya kwenye simu, kwamba watu wazima hawashibi kwa vitu vya kutafuna, na kwamba shamba ni mahali pa wali na samaki. Shangazi yake akadakia, "Mwache mtoto. Walio nacho watapika, wasio nacho watakula." Watu wakacheka, nasi tukanyamaza.

ASILI YA CHAKULA HIKI

Binti yetu hakukubali kushindwa. Alituletea habari za chakula chake kama mwanafunzi aletaye dalili mbele ya mwalimu, nasi tulipozichunguza tukaziona ni za kweli na zenye mazingatio.

Nacho zilizaliwa Piedras Negras, mji wa Mexico ulio mpakani mwa Marekani, ng'ambo tu ya mto kutoka mji wa Eagle Pass wa jimbo la Texas. Inasimuliwa kuwa ilikuwa mwaka 1943, wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Kundi la wanawake, wake wa wanajeshi wa Marekani waliokuwa karibu na hapo, walivuka mpaka wakaingia katika mkahawa uitwao Victory Club. Mpishi hakuonekana. Msimamizi wa mkahawa, Ignacio Anaya, hakutaka kuwarudisha wageni na njaa yao. Akaingia jikoni mwenyewe, akakuta vipande vya chapati za mahindi, akavikaanga, akavitandazia jibini, akavitia motoni mpaka jibini ikayayuka, kisha akaweka juu yake vipande vya pilipili za achari. Wageni walipouliza jina la chakula, akakipa jina lake la utani. Kwani kwao kila Ignacio huitwa Nacho, kama kwetu Mohamed anavyoitwa Mudi.

Tazameni basi. Chakula ambacho leo kinauzwa katika viwanja vya michezo na majumba ya sinema ya dunia nzima hakikubuniwa na mpishi mkuu wala na kiwanda. Kilibuniwa na mtu aliyefikiwa na wageni hali hana cha kuwapa, akawapa alichokuwa nacho. Hili si jambo geni kwa mama wa Kipwani anayebishiwa hodi saa nane mchana, sufuria imekwisha kuoshwa.

Na vilivyomo ndani ya sinia la nacho navyo si vigeni kwetu kama tunavyodhani. Mahindi yalianza kulimwa huko huko Mexico maelfu ya miaka iliyopita, ingawa jina tulilolipa sisi linaelekeza Bara Hindi. Pilipili tunazotia katika mchuzi, nyanya za kachumbari, maharage, parachichi, hata muhogo tunaokula na samaki: vyote hivi asili yake ni Amerika, vikavuka bahari baada ya mabaharia wa Ureno na Hispania kufungua njia zile. Babu zetu walivipokea, wakavitia nazi na ndimu, vikawa vyetu. Binti yetu akauliza, "Sasa Baba, cha kigeni ni kipi hapo?" Hatukuwa na jibu.

HALALI KWANZA

Kabla ya kwenda sokoni, tuangalie mambo mawili.

La kwanza ni jibini, ambayo wengi wetu huiita chizi. Ili maziwa yagande yakawa jibini, watengenezaji wengi hutia kigandishi. Kigandishi cha kale hutoka tumboni mwa ndama anyonyaye. Ndama akiwa amechinjwa kisharia, hakuna tatizo. Asipokuwa amechinjwa kisharia, maulamaa wamekhitalifiana: Imamu Abu Hanifa ameruhusu, na madhehebu yetu ya Imamu Shafi yanahesabu kuwa kigandishi hicho ni najsi. Lakini siku hizi jibini nyingi hugandishwa kwa kigandishi kinachotokana na vijidudu au mimea, na hiyo haina shaka ya machinjo. Basi somo ni moja: geuza pakiti, usome. Tafuta alama ya halali au maelezo kuwa kigandishi si cha mnyama. Usiposoma wewe, hakuna atakayekusomea.

La pili ni vipande vyenyewe vya mahindi. Vile vya pakiti vilivyotiwa chumvi peke yake ni salama zaidi kuliko vilivyotiwa ladha za nyama na jibini, ambazo viungo vyake huwa orodha ndefu. Na tahadhari hiyo iwe pia kwa anayenunua vilivyokaangwa tayari safarini ugenini, kwani katika baadhi ya nchi mafuta ya nguruwe ni mafuta ya kupikia ya kawaida.

MATAYARISHO YA NYUMBANI

Vipimo vifuatavyo vinatosha watu 10, yaani masinia mawili ya watu watano watano.

Vipande vya mahindi:
Unga wa mahindi laini, vikombe 4
Unga wa ngano, vikombe 2
Chumvi, vijiko vidogo 2
Mafuta, vijiko vikubwa 4, na mengine ya kukaangia
Maji ya moto kiasi cha kukandia

Nyama na maharage:
Nyama ya kusaga, nusu kilo
Maharage yaliyochemshwa yakaiva sana, vikombe 3
Vitunguu maji 3, thomu kichwa kimoja, tangawizi kipande
Bizari nyembamba, kijiko kidogo kimoja na nusu
Pilipili manga na chumvi

Vya kutandaza:
Jibini ngumu, gramu 500, iliyoparwa
Nyanya 6, kitunguu kimoja, kotimiri, ndimu 3
Maparachichi 3
Mtindi mzito, kikombe kimoja
Achari ya pilipili au ya embe

Kwao Mexico mahindi huchemshwa kwa maji yaliyotiwa chokaa maalumu ya chakula, yakalala humo, yakaoshwa na kusagwa yangali na unyevu. Chokaa hiyo hulainisha ganda, huufanya unga ushikane, na huifungua vitamini iliyofungika ndani ya punje, ambayo ikikosekana mwilini huleta maradhi ya ngozi na ya akili yaitwayo pelagra. Unga wetu wa dukani haukupitia njia hiyo, na ndiyo sababu ukiusukuma peke yake hukatika vipande vipande. Msijaribu kutia chokaa ya ujenzi! Tieni unga wa ngano kama tulivyoonyesha, nao utashika.

Changanya unga na chumvi na mafuta, mimina maji ya moto kidogo kidogo, kanda mpaka ulainike, ufunike kwa nusu saa. Fanya madonge, sukuma nyembamba kuliko chapati ya kawaida, choma juu ya chuma kikavu dakika moja kila upande bila ya mafuta. Kisha kata kila chapati pembe sita au nane, na uzikaange katika mafuta mengi mpaka ziwe za rangi ya dhahabu na zikilia zinapovunjwa. Zichuje, zipoe kabisa, uzitie katika kopo lenye kifuniko. Zikifungwa zingali moto zitatota kwa mvuke wake zenyewe. Kazi hii ifanywe siku moja kabla ya safari. Asiye na wasaa anunue za pakiti, kiasi cha gramu 600.

Nyama ipikwe kwa thomu, tangawizi, kitunguu na bizari mpaka ikauke kabisa. Maharage yapondwe yakaangwe kwa kitunguu na mafuta kidogo, nayo yakauke. Tunalikariri neno hili kwa kuwa ndio msingi: kila kitakachokaa juu ya nacho kabla ya moto kiwe kikavu. Sisi watu wa Pwani tunapenda rojo, na tungetamani kumimina mbaazi za nazi hapo juu. Tusifanye hivyo. Rojo likigusa vipande vile, katika dakika tatu tutakuwa na uji.

Kwa mwenye kipato kidogo, nyama si lazima. Maharage peke yake yanashibisha. Na jibini ikiwa ghali, robo kilo iliyoparwa vizuri na kutandazwa sawasawa ni bora kuliko nusu kilo iliyorundikwa mahali pamoja.

MOTO, NA KOSA LETU

Jioni ile tulifika shamba tukamkuta ndugu yetu amekwisha kufika. Tulisalimiana. Watoto wakakimbiliana, maana wao hawakuwa wamegombana na mtu. Sisi tukakaa upande wa kibanda, yeye akakaa chini ya mwembe na tasbihi yake. Ndugu yetu wa mwisho akawa anatembea baina yetu na glasi za chai kama mjumbe wa amani.

Upepo wa kusi ulikuwa ukivuma, kwa hiyo vijana walichimba shimo la kina cha shubiri mbili wakawasha moto ndani yake, mbali na kibanda cha makuti. Walianza kwa makumbi na karara kavu, wakaongeza vifuu, kisha kuni za mvinje. Kuni hizi ni nzuri, huwaka kwa nguvu na kuacha kaa gumu. Msichome mbao zilizopakwa rangi au dawa, moshi wake ni sumu. Na mikoko tuiache baharini ilindapo fukwe zetu.

Baada ya sala ya Isha binti yetu alipanga sinia la kwanza katika karai pana, akalifunika, akaliweka juu ya moto. Lakini moto ulikuwa ungali unawaka kwa ndimi. Dakika nne hazikutimia, harufu ya kuungua ikatupiga pua. Alipofunua, vipande vya chini vilikuwa vyeusi kama mkaa, na jibini ya juu imekaa vile vile ilivyoparwa, baridi. Watoto wakatazamana. Binti yetu hakusema kitu, ila tuliona kidevu chake kinatetemeka.

Sisi tukajitia ujuzi. Tulisema moto haukutosha, tukatupa kuni mbili zaidi.

Ndipo sauti ikatoka chini ya mwembe. "Mnachochea. Hampalii."

Alikuwa ni ndugu yetu. Na hapo tukakumbuka jambo tulilolisahau: utotoni, mwezi wa Ramadhani, yeye ndiye aliyekuwa msaidizi wa mama katika mkate wa sinia. Sisi tulikuwa chuoni na masahibu zetu, na yeye yuko uani akipepea makaa, mama akimwambia ongeza juu, punguza chini. Akaja mpaka kwenye shimo, akazitoa kuni tulizotia, akasubiri. Hakusema na mtu. Ndimi zilipokufa, akayatandaza makaa kwa kijiti, akapanga mawe matatu, kisha akanyosha mkono bila ya kutazama.

"Kaka, nipe kifuniko."

Neno hilo "Kaka" hatukulisikia kwake kwa mwaka mmoja na miezi minne. Tukampa kifuniko.

NAMNA YA KUPALIA

Haya ndiyo mapishi kama alivyoyasimamia.

Moto uachwe mpaka uwe makaa matupu yaliyopiga rangi ya majivu. Kuni za saa moja hutoa makaa ya kutosha. Makaa yagawanywe mafungu mawili: fungu moja la tatu libaki chini, na mafungu mawili ya tatu yangojee kupanda juu. Karai lisikae juu ya makaa yenyewe, bali juu ya mawe matatu, likiwa na nafasi ya vidole vinne.

Karai lipakwe mafuta kidogo. Tandaza tabaka moja ya vipande vya mahindi, nyunyiza maharage, nyama na theluthi moja ya jibini. Kisha tabaka ya pili, na nyama iliyobaki, na jibini yote iliyobaki juu. Tabaka mbili zinatosha. Ya tatu haifikiwi na moto, na watakaoikuta watakula vikavu.

Funika kwa kifuniko cha chuma au sinia kuukuu lisilo na plastiki, kisha palia makaa juu yake, mengi pembeni na machache katikati. Jibini inataka joto la juu, na vipande vinataka joto dogo tu la chini. Hii ndiyo siri yote. Wazungu waendao mwituni hununua chungu kizito cha chuma chenye kifuniko cha kuwekea makaa, na bibi zetu walikuwa wakifanya hivyo hivyo kwa mkungu na sufuria, kwa wali na kwa mikate.

Baada ya dakika nane funua kwa uangalifu, majivu yasiingie. Jibini ikiwa imeyayuka na kuanza kutoa mapovu, epua. Isipokuwa tayari, ongeza dakika mbili tatu. Kisha, na baada ya kuepua tu, weka vya baridi: kachumbari iliyokamuliwa maji yake, parachichi lililopondwa kwa ndimu na chumvi, mtindi, na achari. Kula papo hapo. Nacho hazimngojei mtu.

ADABU ZA SINIA

Tuliandaa masinia mawili juu ya majamvi, la wanawake na la wanaume, na watoto wakagawanyika. Na hapa tumeona faida ambayo hatukuitarajia: chakula hiki hakiliki mbali. Huwezi kukichota ukaondoka nacho chumbani mbele ya simu. Jibini inavuta kamba kutoka kipande cha huyu mpaka kipande cha yule, na lazima mtu amngoje mwenziwe avute. Waliokuja kumlalamikia Mtume, rehma na amani zimshukie, kwamba wanakula wala hawashibi, aliwauliza kama huenda wanakula mbalimbali, akawaelekeza wakusanyike. Wangapi kati yetu leo wanapakua sahani tano kwa nyakati tano, kisha wakashangaa baraka imekwenda wapi?

Wafundisheni watoto penye sinia kama hili, kwani ni chuo kizuri. Bismillahi, mkono wa kulia, na kila mtu ale mbele yake: ndivyo alivyofundishwa Umar bin Abi Salama alipokuwa mtoto, mkono wake ukizunguka chombo kizima. Na yako mafunzo mengine ambayo ni kana kwamba yamekusudiwa nacho: wamekatazwa watu walao tende pamoja kuchukua mbili kwa mpigo mmoja ila kwa idhini ya wenziwe. Basi yule achaguaye kipande kilichobeba nyama yote na jibini yote, akawaachia wenziwe vikavu, na ajitazame. Mtoto wa ndugu yetu, wa miaka saba, alifanya hivyo usiku ule. Binti yetu akamwambia, "Hicho umechukua na changu." Mtoto akakitazama, akakivunja nusu, akampa. Sisi wazee tuliokuwa tukigombea ukuta tuliona, wala hatukutazamana.

KUZIMA MOTO

Baada ya kula, moto usiachwe hivi hivi. Mwagieni maji, koroga majivu, mwagieni tena, mpaka mkono ukiwekwa karibu usihisi joto. Mchanga peke yake hautoshi: makaa yaliyofukiwa hubaki hai chini kwa muda mrefu, na asubuhi mtoto akipita pekupeku yatamuunguza mguu. Tumekatazwa pia kuacha moto ukiwaka wakati wa kulala, na aliyewahi kuona paa la makuti likishika moto hahitaji kuelezwa hekima yake. Plastiki na makopo virudi mjini na walioviletea.

Tulipomaliza, watu waliinuka kunawa. Tuliwahi birika kabla ya vijana, tukammiminia ndugu yetu maji mikononi. Mkubwa hamnawishi mdogo kwa desturi zetu, naye alitaka kuturudisha. Hatukurudi. Tukamwambia polepole, "Neno lile nilikosa. Nisamehe."

Aliendelea kunawa mpaka maji yakaisha. Akasema, "Yashapita, Kaka. Lakini ya nyumba bado tutazungumza."

Nasi tumezungumza, mara tatu tangu siku hiyo, na shauri halijesha. Lipo wazo la kukodisha sehemu ya chini, kodi igawanywe kwa mafungu yetu, na fungu letu sisi limsaidie yeye karo kwa muda. Huenda likakubaliwa, huenda tukauza. Lolote litakalokuwa, litaamuliwa na watu wanaosemezana.

Ndugu wasomaji, likizo zinakuja, na kila aila ina mtu aliyekaa chini ya mwembe peke yake. Mwiteni. Si lazima iwe kwa nacho. Muhogo wa kuchoma nao unatosha. Lakini mkipika hizi, kumbukeni: msichochee, palieni.

Mola azikutanishe nyoyo zetu na azibariki riziki zetu. Wabillahi tawfiq.